Abiria wa Jengo la Pili

Waliokuwapo hawapendi kuisimulia habari hii, na wanaopenda kuisimulia hawakuwapo. Basi na tushike njia ya katikati.

Lifti ya jengo la pili, kwenye maabara ya taifa pale Lucknow, iliruhusiwa kubeba watu wanane. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: watu wanane, kilo mia tano arobaini na nne. Ukizidisha, kengele inapiga kelele na mlango unakataa kufunga. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni, kengele ililia wakiwa saba.

"Nani amekula sufuria zima la mchuzi wa nihari asubuhi?" aliuliza mtaalamu mmoja wa panya, na wenzake wakaangua kicheko.

"Shuka wewe, daktari. Tumbo lako limepanda cheo kabla yako."

"Nishuke mimi," akasema mwingine.

"Haiwezekani, kaka, nitashuka mimi."

"Nyinyi ni wakubwa zangu, mtashukaje nami nipo?"

Watu wa Lucknow wana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni adabu. Watasimama wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, mpaka mlango uwafungie nje wote wawili. Asubuhi ile walibishana kistaarabu hadi wakachelewa kikao. Kudsia, mwendesha lifti, alikaa juu ya stuli yake kando ya vitufe akicheka nao. Hakujua bado kwamba kicheko kile kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Kudsia alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Mustakim, aliyekufa ghafla juu ya stuli ile ile, lifti ikiwa inapanda. Serikali ina desturi ya kumhurumia mjane wa aliyefia kazini, ikampa yeye nafasi ya marehemu, kwa majaribio ya miaka miwili. Majaribio yalikuwa yanakwisha tarehe thelathini ya mwezi ule. Akipita, angekuwa mwajiriwa wa kudumu hadi afikishe miaka sitini, na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maabara ingebaki yake na ya bintiye Arfa, mtoto wa miaka tisa. Asipopita, yeye na Arfa na masufuria yao wangekuwa barabarani, na Juni ya Lucknow si mwezi wa kumlaza mtoto nje.

Kwa hiyo alikuwa mwangalifu. Hakuchelewa, hakuumwa, hakununa. Kila aliyeshuka alimuaga kama baba yake alivyomfundisha: "Siku moja mfike na kwetu kibandani." Alikwisha kuwakaribisha hivyo maprofesa, wafagiaji na fundi wa mabomba. Hakufika hata mmoja, wala hakuna aliyetazamiwa kufika. Ni maneno ya kuagana tu, mtu huyatoa kama anavyotoa pumzi.

Jumanne kengele ililia tena wakiwa saba. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi, Bwana Tripathi, msimamizi wa ofisi, akamwita.

"Bi Kudsia, wasomi wananilalamikia. Lifti ina nini?"

"Fundi ataitazama leo, bwana."

"Aitazame vizuri. Ripoti yako naiandika tarehe ishirini na tano. Lifti ikifungwa kwa matengenezo, niandike nini? Mwendesha lifti asiye na lifti?" Akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Kuna wanaosema lifti za siku hizi hazihitaji mtu wa kubonyeza. Usiwape sababu, mama."

Fundi umeme alikuwa Ramsajivan, rafiki wa marehemu. Alipanda juu ya paa, kwenye chumba cha mitambo, ambako kuna kioo kidogo kinachoonyesha uzito uliomo ndani ya lifti. Kudsia alibaki chini na simu sikioni.

"Shemeji, wateremshe watu wote."

"Hakuna mtu, kaka."

"Yupo. Huku inasoma kilo sabini na tano. Basi ni wewe, toka nje."

"Mimi niko nje."

Mlango wa lifti ulikuwa wazi mbele yake, taa inawaka, stuli ipo, kioo cha nyuma kinaonyesha uso wake yeye na ukuta ulio nyuma yake. Upepo wa moto ulikuwa unavuma nje na mvua haijanyesha tangu Machi, lakini ndani ya lifti kulinukia udongo uliolowa.

"Shemeji," Ramsajivan akanong'ona, "namba inachezacheza. Sabini na tano, sabini na sita, sabini na tano. Kama mtu anayebadilisha mguu."

Kudsia alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Fundi aliposhuka, jasho lilikuwa limemlowesha shati lote. Alisema mtambo ni mzima, ameukagua mara mbili. Kudsia akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume yeyote pale kazini.

"Kata waya wa kengele."

"Una wazimu? Kengele ndiyo inayotuambia kwamba yumo."

"Mimi sitaki kuambiwa. Nataka tarehe thelathini. Kata, Ramsajivan. Kwa ajili ya mtoto wa rafiki yako."

Akakata, huku anatikisa kichwa. Wasomi wa ghorofani, wanaoweza kupima pumzi ya panya, walipanda saba wakafika, wakasema lifti imepona. Bwana Tripathi akatabasamu. Na Kudsia akajua papo hapo kwamba amefanya kosa, maana sasa hakuweza kujua ni wakati gani yuko peke yake.

Saa sita mchana ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Saa ile kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake, watu wamejifungia vyumbani kwenye feni, na jengo zima huwa kama nyumba iliyohamwa. Siku moja lifti iliitwa chini kabisa, kwenye ghala la mitungi ya gesi, na hakuna aliyekuwa ameibonyeza. Mlango ulifunguka, Kudsia akauona ukumbi mtupu na taa moja inayopepesa, akanyoosha kidole kuufunga, na kabla hajakigusa kitufe alihisi sakafu ikizama chini yake, kidogo tu, upana wa kidole, kama inavyozama kila siku mtu mzima anapoingia. Mlango ukajifunga wenyewe bila haraka, harufu ya udongo mbichi ikamjia puani na kooni mpaka akaihisi kwenye meno, na lifti ilipoanza kupanda alisikia nyuma ya shingo yake, pale ushungi ulipoishia, mtu anavuta pumzi ndefu, anaishikilia, haitoi, ghorofa ya kwanza haitoi, ya pili haitoi, na yeye Kudsia amekaza macho kwenye vitufe kwa kuogopa kile ambacho kioo kingemwonyesha, anasoma kila aya aliyoijua na kuzichanganya zote, mpaka ghorofa ya tano mlango ulipofunguka na ile pumzi ikatolewa taratibu, baridi, kwenye sikio lake. Hakuna aliyeshuka. Sakafu haikuinuka.

Aliogopa hadi akajikojolea, na hilo hakumwambia mtu kwa miaka.

Jioni alimfuata Mzee Irtiza, mjalidi wa vitabu kwenye maktaba ya maabara. Mchana alishona kurasa za majarida ya sayansi, na baada ya kazi wafanyakazi wa chini walimletea watoto wanaoweweseka awasomee. Wasomi nao walimletea wa kwao, ila wao walipitia mlango wa nyuma.

Alimsikiliza bila kuinua macho kwenye uzi wake.

"Mustakim hakukuambia?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kuniambia nini?"

"Jengo hili limekaa juu ya kisima. Walipojenga walikifunika kwa zege, hawakumuuliza mtu wala asiye mtu. Mumeo alijua. Kila asubuhi akiingia kwenye lifti tupu alitoa salamu. Wewe unaingia kimya, binti yangu, miaka miwili sasa."

"Ndiye aliyemuua mume wangu?"

"Moyo ndio uliomuua mumeo. Usimsingizie." Akakata uzi kwa meno. "Huyu hajakudhuru. Amepanda na kushuka, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Kazi yako ni ipi?"

"Kuuliza ghorofa."

"Basi muulize. Kesho saa sita mshushe mpaka chini kabisa, kisima kilipo. Muulize, mfungulie, ashuke. Mimi nitakuwa ngazini nasoma. Lakini sikiliza." Sasa alimtazama. "Usiongeze neno. Sisi tunasema mengi tusiyoyakusudia. Wao hawana mchezo huo. Neno ukilitoa, kwao ni mkataba."

Siku ya pili, saa sita kamili, Kudsia aliingia kwenye lifti. Alitoa salamu, na harufu ikaja mara moja, nzito, kama mtu aliyekuwa anaingoja salamu ile. Alibonyeza kitufe cha chini. Kutoka ngazini alisikia sauti ya Mzee Irtiza inashuka naye ghorofa kwa ghorofa, na kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza taa ikazimika, lifti ikaendelea kushuka, ikashuka muda mrefu kuliko jengo lenyewe, sauti ya mzee ikawa mbali juu kama ya mtu aliye kwenye mdomo wa kisima, na kwenye ukuta wa chuma akasikia matone ya maji, moja, moja, na kucha zinazopapasa ukuta kutafuta njia, zikapita juu ya kichwa chake, zikapita kando ya bega lake, zikasimama mlangoni.

"Unakwenda ghorofa gani?" akauliza. Sauti ilitoka nyembamba kama ya Arfa.

Lifti ikatua. Mlango ukafunguka. Taa ikarudi, ukumbi ukawa ule ule wa mitungi ya gesi, na sakafu chini ya miguu yake ikainuka, upana wa kidole.

Ameshuka! Furaha ilimpanda Kudsia hadi machoni. Kifua kilifunguka, mwili ukawa mwepesi, na ulimi wake, ulimi wa baba yake na wa babu wa baba yake, ukafanya ulivyozoea kumfanyia kila anayeshuka.

"Siku moja mfike na kwetu kibandani."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ukumbini hakukuwa na kitu. Mtungi mmoja mbali ulilia ting, kama uliopigwa na ukucha.

"Umesema kitu?" Mzee Irtiza aliita kutoka ngazini.

Kudsia aliifikiria tarehe thelathini, na nyumba ya vyumba viwili.

"Hapana, mzee. Sijasema kitu."

Ramsajivan aliunga waya wa kengele, akapanda juu kusoma kioo: sifuri. Wakapanda wanane, wakiwa pamoja na mtaalamu wa panya na tumbo lake, kengele ikanyamaza, na wote wakapiga makofi. Tarehe ishirini na tano Bwana Tripathi aliandika ripoti nzuri. Siku zote hizo Kudsia alilala jicho moja wazi, na hakuona kitu, hakunusa kitu. Akaanza kuamini kwamba maneno ya kuagana ni maneno tu.

Tarehe thelathini alipewa barua: mwajiriwa wa kudumu hadi miaka sitini. Aliisoma mara tatu ndani ya lifti, akalia, akaibusu. Njiani alinunua nusu kilo ya ladu, vitamutamu vya mviringo, akaingia kwake jua likiwa bado juu, akiita jina la mwanawe.

Arfa alikuwa uani, ameketi pembeni kabisa mwa kitanda cha kamba, magoti pamoja, kama anavyokaa mtoto aliyefunzwa mbele ya wakubwa.

"Mama, mbona humsalimii mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Huyu. Amesema ulimkaribisha. Nimeshampa maji, kama ulivyonifundisha."

Bilauri ilikuwa chini, tupu, na ukingoni mwake pameganda tope bichi. Kudsia alikitazama kitanda. Kamba zake alizikaza mwenyewe Ijumaa, zikawa ngumu kama ubao. Sasa zilikuwa zimebonyea katikati, pale ambapo hapakuwa na mtu, na zilipokuwa zinalia zililia kwa zamu, upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayejikalisha vizuri. Ua mzima ulinukia mvua.

Mfuko wa ladu ulimponyoka, zikabingirika hadi chini ya kitanda. Moja haikutokea upande wa pili.

"Arfa," akasema kwa pumzi, "njoo kwangu. Taratibu. Njoo."

"Siwezi kuondoka, Mama, si adabu. Nimemuuliza atakaa mpaka lini." Mtoto aliinua uso, akautazama mkono wa mama yake ulioshika barua. "Amesema muda ule ule waliokupa wewe. Barua inasema miaka mingapi?"