Pipa la Zeituni

Mwaka 1984, kisiwani kwetu Ambatoloaka, bomba lilitoa maji kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuchota. Jumatatu moja Mjomba Allaoui, mpishi wa hoteli, akatuletea pipa tupu la plastiki, lililokuwa na zeituni za siki, tuwekee maji.

"Ni la chakula, halikutiwa sumu," alimwambia bibi yetu, tuliyemwita Koko. "Ila lioshwe vizuri."

Koko akanigeukia. "Hayrat, lisugue kwa sabuni na maji moto, na mfuniko pia. Suuza mara tatu. Kisha lijaze maji, utie javeli kidogo, ile dawa ya kung'arishia nguo, iue vijidudu, uliache nusu saa, usuuze tena. Nitalifukiza mwenyewe."

Kwetu chombo cha maji ya kunywa hufukizwa ubani ili maji yanukie. Hiyo ni kazi ya mwisho. Mimi, kwa uvivu wangu uliojiona ujanja, niliifanya ya kwanza na ya pekee. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba nje. Nililisuuza pipa mara moja, nikanusa siki, nikaligeuza juu ya chetezo cha Koko. Harufu ya siki ikapotea.

"Umeliosha?" Koko aliuliza.

"Nimeliosha, Koko. Hata kulifukiza nimekupunguzia."

Akaniombea dua, tukalijaza maji ya kunywa. Dua ile inaniuma mpaka leo.

Alhamisi Koko alikuwa asafiri kwa meli kwenda Mahajanga, mtaa wa Tanambao, kwenye harusi ya dada yangu Nadjati, ambaye Koko alimlea tangu mchanga. Alikuwa ameweka udi kitambaani, wa kufukizia nguo za bibi harusi. Jumatano tumbo likamshika. Alhamisi hakuweza hata kusimama.

Muuguzi tuliyemwita akauliza maji tunayokunywa yanatoka wapi. Mjomba akatia mkono ndani ya pipa, akautoa umejaa utelezi.

"Nani aliliosha hili?"

Nilitamani kunyamaza. Nikamwona Koko, midomo imemkauka, nikashindwa. "Sikuliosha. Nililifukiza tu lisinuke, nikamdanganya Koko."

Mama hakunipiga. Alimpa Mjomba kile kitambaa apeleke harusini, yeye akabaki kumuuguza Koko. Udi ukasafiri bila mwenyewe.

Jumamosi, siku ya harusi, nililisugua pipa mpaka mabega yakauma. Koko alikuwa ameketi mkekani, amepata nafuu, akinywa maji yaliyochemshwa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, Koko. Nimekukosesha harusi."

"Nimekusamehe. Lakini harusi ya Nadjati haitarudiwa, na hilo ulijue." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Ubani ni wa chombo safi, mjukuu wangu. Ukikifukiza kichafu, unamziba pua anayekunywa. Ningenusa ile siki, nisingekunywa. Na ungesema hukuliosha, ningekugombeza kidogo tu, halafu leo ningekuwa Tanambao."

Nikainuka, nikarudi kwenye pipa.

"Umeliosha?" akauliza, kwa sauti ile ile ya Jumatatu.

"Nimelisugua na kulisuuza mara tatu. Javeli bado."

Koko akaweka kikombe chake kitupu mkekani, kando yake.

"Basi katie. Nitangoja."