Neno la Siri la Msimamizi

Walikutana duka la vifaa vya kompyuta, watu wamebanana kaunta, wao wawili kila mmoja kashika ncha ya kebo ileile. Mwanamke, mpiga picha, alivaa gauni la kijani. Mwanaume, fundi kompyuta, alikunja mikono ya shati.

"Kaka, taratibu, utaning'oa mkono!"

"Chukua kebo, dada. Mimi nipe namba ya simu."

Haikuchukua muda, wakawa wapenzi. Fundi akaipanga kompyuta ya studio: mpiga picha afanye kazi zake zote, lakini programu mpya iingie tu kwa neno la siri la msimamizi, mwenye ruhusa zote, na neno hilo akabaki nalo yeye. Folda ya sauti za marehemu mama wa mpiga picha akairuhusu kusikilizwa, si kufutwa wala kubadilishwa.

Mpiga picha hakutulia. Kutwa simu.

"Yaani niwe mgeni kwenye kompyuta yangu?"

"Malkia, hata mimi kwangu sishindi kama msimamizi. Kirusi cha kompyuta kikikukuta hivyo, kinapata ruhusa zako zote."

"Anayependa hafichi."

Fundi akalegea. Akamtumia neno la siri, na busu juu yake. Kuanzia hapo mpiga picha akashinda kama msimamizi, asisumbuliwe na maswali.

Mteja akaleta flashi ya picha za harusi. Mpiga picha akabofya faili la kwanza. Kompyuta haikumuuliza lolote. Mafaili yakaanza kujifunga, hayafunguki tena, moja baada ya jingine, mpaka folda ya mama.

"Kwa nini ulinipa?" alilia kwenye simu.

"Nilipokunyima ulisema nakuficha!"

Mpiga picha akakata. Fundi akahangaika na diski ya ile kompyuta, wapi. Mpiga picha naye akawa anafungua studio, anafunga, anafungua tena, hapokei simu.

Jioni moja fundi akaingia bila hodi, akaweka simu yake mezani. Sauti ikacheka: "Wewe mtoto, zima hicho kitu, sijachana nywele!"

"Mama!" Mpiga picha akaishika simu kwa mikono miwili. "Umeitoa wapi?"

"Ulinitumia mwenyewe, ukijisifu umerithi kicheko chake."

"Na nyingine?"

"Zimekwenda, mpenzi."

Alilia, akairudia, akalia tena. Kisha akainuka kitini.

"Panga kama mwanzo. Neno jipya, nisilijue."

"Nikipatwa na jambo je?"

"Liandike, tulifungie kwenye kabati letu."

"Kabati letu? Mimi na wewe tuna kabati?"

"Tutanunua."

Fundi akaweka vidole juu ya kibodi, akamtazama.

"Andika basi," alisema mpiga picha, akageukia dirishani asilione neno jipya.