Roboti Iliyokaribishwa Chakula

Roboti ilikuwa inatunga asmini. Ilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa soko la maua, miguu yake ya chuma imekunjwa vizuri, na vidole vyake vyembamba vya rangi ya fedha vilipitisha sindano katika kila ua bila kulichana. Shada likikamilika, iliinuka, ikalitundika kwenye waya, ikarudi kukaa. Mhandisi Mwantumu Shekue, aliyeshuka Bangkok alfajiri ile akitokea Tanga, alisimama mbele yake akasahau hata joto. Kwao asmini hutungwa na wanawake barazani, na alijua jinsi kazi ile inavyoumiza macho na mgongo. Roboti ikaishiwa uzi. Ikachukua mwingine, ikainua ncha yake hadi usoni, mahali ambapo hapakuwa na mdomo bali kioo cheusi kitupu, kisha ikaushusha na kuuingiza kwenye tundu la sindano.

"Lo! Hata kulowesha uzi mmeifundisha?" Mwantumu alisema.

Bwana Prasit, mwenyeji wake kutoka Kampuni ya Mikono Mipya, alicheka. Alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu, shati lake halikuwa na hata tone la jasho. "Tumeifundisha kila kitu, Mhandisi. Tafadhali usiiguse tu. Wasaidizi-chuma wana umeme mkali."

Mwantumu akarudisha mkono wake nyuma. Alikuwa ameambiwa jambo hilo tangu uwanja wa ndege, pale kila mgeni anapovishwa vifaa vitatu kabla ya kuingia Mtaa wa Wageni. Cha kwanza ni lenzi-angavu, utando mwepesi unaokaa juu ya mboni ya jicho na kuchora mishale ya njia na majina ya barabara hewani. Cha pili ni kisikizi, punje ndogo sikioni inayopunguza makelele ya mji. Cha tatu ni kitafsiri, kifungo cha kola kinachogeuza maneno ya mgeni kwa Kithai na ya anayezungumza naye kwa lugha ya mgeni. Bila vifaa hivyo, alielezwa, mgeni atapotea.

Naye hakuja kupotea. Alikuja na kazi moja. Jioni ile alitakiwa kuzungumza na halmashauri ya mji wake na kuwaambia kama mashine hizi zinafaa. Akisema zinafaa, mkataba utatiwa saini, soko kuu litavunjwa, na kina mama wote wanaouza pale wataambiwa warudi majumbani, kwa kuwa wasaidizi-chuma watauza samaki, watafagia, watakaanga mihogo na kubeba mizigo. Mmoja wa kina mama hao alikuwa shangazi yake, Bi Mwanahawa, aliyemsomesha kwa samaki wa kukaanga. Kabla ya safari, shangazi alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama kweli mashine inajua kuliko mimi, sema inajua. Usinionee huruma. Ila usiniongopee."

Basi asubuhi nzima alizunguka akitazama kwa jicho la mtu anayenunua. Walipanda boti kwenye mfereji wa maji ya kijani, roboti ikiwa imeshika usukani. Walivua viatu kwenye ngazi za hekalu, na roboti nyingine ikavipanga safu moja, vya wanawake na vya wanaume. Kila pembe palikuwa na kijumba kidogo cha mizimu kilichowekwa juu ya nguzo, na roboti zikibadilisha mbele yake maua na chupa za soda nyekundu zilizotiwa mirija. Hakusikia ugomvi wala mtu akimwita mteja. Mji wa watu mamilioni ulikuwa umetulia kama chumba cha mgonjwa, na Mwantumu, aliyezoea soko la kwao ambapo hata bei ya nyanya hutajwa kwa kelele, alijikuta anasema moyoni kwamba labda haya ndiyo maendeleo yenyewe. Jambo moja tu lilimsumbua. Kila alipopita alisikia harufu ya pilipili inayokaangwa, ya samaki wa chumvi, ya jasho la watu, tena jasho jingi, na watu wenyewe yeye hawaoni.

Mchana Bwana Prasit alimkalisha kwenye benchi chini ya kivuli cha jengo, akaomba radhi, akaenda kuzungumza na ofisi yake. Kutoka kwenye dirisha ukutani ilitokea sahani ya wali, samaki mzima wa kukaanga na kibakuli cha pilipili. Mwantumu alinawa bombani, akavuta sahani, akamega tonge. Hatua chache kutoka pale roboti ilikuwa inafagia.

Sasa, mtu wa Pwani hali chakula mbele ya mwingine kimya kimya. Hajui kufanya hivyo. Ulimi unatangulia kabla ya akili. Mwantumu aliinua kichwa, akasema kama alivyokuwa akisema maisha yake yote, "Karibu."

Kitafsiri kikalisema neno lile kwa Kithai, kwa sauti, na kikaongeza maelezo yake chenyewe: njoo tule pamoja.

Mwantumu akajicheka. Anakaribisha ufagio! Lakini roboti iliacha kufagia. Ikatazama kulia, ikatazama kushoto. Ikaegemeza ufagio ukutani, ikaenda bombani, ikanawa. Kisha ikaja kukaa kwenye ncha ya benchi, na vidole vya fedha vikanyooka juu ya sahani, vikamega wali, vikachota na kipande cha samaki, vikapanda hadi kwenye kioo cheusi. Viliposhuka vilikuwa vitupu.

Mwantumu akaganda na tonge mkononi. Vidole vikarudi. Vikamega tena. Wali ukapungua, samaki akaanza kuonyesha mifupa, na sikioni mwake ukalia mlio mdogo mtamu, ting, mlio ambao roboti zote zilikuwa zikiutoa tangu asubuhi kila alipozipita.

Mashine haili. Hilo alilijua kama anavyojua jina la mama yake. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, umeme au si umeme, akaikamata roboti kifundo cha mkono. Kilikuwa na joto. Kilikuwa na sugu, na mfupa, na ndani yake mshipa ulikuwa unadunda mbio.

"Yarabi," alisema. Akamwachia, akakimbilia bombani, akanawa vizuri, akang'oa kisikizi kwanza. Kelele ikamwingia kama vile mlango umefunguliwa: watu wanaitana, mtu anakohoa, mtoto analia, mchi unatwanga kinuni. Kisha akatia kidole jichoni, akachomoa lenzi moja, na ya pili, machozi yakimchuruzika.

Kwenye benchi alikaa mwanamke wa makamo ya shangazi yake, au zaidi. Alivaa ovaroli ya kijivu yenye nyuzi zinazometameta, na kofia iliyobana nywele za mvi. Mdomoni bado alikuwa na wali. Alikuwa ameunganisha viganja kifuani kwa namna yao ya kuheshimu.

"Nisamehe," alisema, na kitafsiri kolani mwa Mwantumu kikaleta maneno yake kwa Kiswahili. "Sijala tangu nilipoingia kazini. Uliniita. Hakuna mgeni aliyewahi kuniita. Usiniseme kwao, nakuomba."

"Nikuseme? Wewe ndiye wa kusemwa?" Mwantumu alikaa karibu naye. Akatazama huku na huku. Kila palipokuwa na roboti palikuwa na mtu. Waliofagia, waliobeba magunia ya barafu, na nyuma ya dirisha la chakula wanawake watatu wamebanana jikoni, nyuso zinang'aa kwa jasho. Wote kijivu, wote wakitazama chini. "Unaitwa nani, mama?"

"Niite Pa Somjit. Pa ni shangazi." Alimeza. "Nilikuwa nauza hapa hapa tulipokaa. Papai bichi, natwanga mwenyewe kwa kinu na pilipili na ndimu. Wakasema mabanda yetu ni uchafu, zinakuja roboti. Zikaja kweli. Joto na unyevu wa hapa vikaziua, vidole vikashika kutu. Wakaturudisha sisi, wakatuvisha hivi. Nyuzi hizi ndizo zinazoiambia lenzi ichore chuma juu yangu. Nikisema, kisikizi kinaweka kengele. Nikikohoa, kengele. Wageni wananipiga picha kwa lenzi zao, halafu picha si mimi."

Hasira ilimpanda Mwantumu hadi masikio yakamwasha. Asubuhi nzima! Alikuwa amesimama mbele ya mwanamke anayetunga maua, amemtazama usoni kutoka umbali wa kiganja, na hakumpa hata salamu. Alimsifia aliyemfundisha. Na jioni alikuwa aende kuwaambia watu wa kwao kwamba kitu hiki kinafaa. Akilini alimwona shangazi yake amevaa kijivu nyuma ya karai la mafuta, anasema karibuni samaki, na watu wanasikia ting.

"Jioni utakuwa wapi?" aliuliza.

"Hotelini. Nawahudumia nyinyi mezani."

"Nikikuita mbele yao, utakuja? Wanaweza kukufukuza."

Pa Somjit alifikiri, akifuta vidole kwenye ovaroli. "Wanifukuze," alisema. "Kinu changu bado ninacho."

Bwana Prasit aliporudi alimkuta Mwantumu amesimama, macho mekundu, lenzi ziko kiganjani mwake. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mwantumu, kwamba yule bwana hakushtuka hata kidogo.

"Zinawasha siku ya kwanza," alisema kwa upole. "Nitakuletea nyingine."

"Hawa ni watu!"

"Ndiyo."

"Ndiyo? Hivyo tu, ndiyo? Huna haya wewe?"

"Mhandisi, tafadhali sikiliza. Wana mshahara, wana daktari. Mgeni akihudumiwa na mtu mzee hujisikia vibaya, chakula hakimshuki. Akihudumiwa na chuma hula, hulala, hurudi mwakani. Tumemwondolea mzigo. Na wao tumewaondolea macho ya watu. Hakuna anayewadharau, kwa sababu hakuna anayewaona."

"Na kwetu mngeleta nini kwa mkataba huo? Roboti?"

"Lenzi, visikizi na sare," alijibu Bwana Prasit. "Mikono mnayo tayari."

Mwantumu alitaka kumzaba kofi. Akajizuia, si kwa adabu, bali kwa kuwa alitaka jioni ifike na yeye awe bado mezani.

Jioni ya Bangkok ni alasiri ya Tanga. Kampuni ilikuwa imetayarisha kioo kikubwa ukutani mwa ukumbi wa hoteli kwa ajili ya mazungumzo, na kioo hicho, bila shaka, kilikuwa na uchawi uleule wa lenzi ndani yake. Mwantumu hakukigusa. Alitoa simu yake mwenyewe, iliyopasuka pembeni, akaiegemeza kwenye jagi la maji. Ikatokea sura ya Mwenyekiti Mhina, miwani imemshuka puani, na nyuma yake wajumbe wa halmashauri wanagombea kuonekana.

"Mhandisi! Habari za huko?"

"Si nzuri, Mwenyekiti."

"Mbona unasema hivyo? Tunawaona mmekaa vizuri tu, na mnahudumiwa na watu wengi kweli. Hizo roboti zenyewe ziko wapi? Hebu tuonyeshe moja."

Bwana Prasit aligeuka haraka kuitazama simu. Kwa mara ya kwanza siku ile, uso wake ulibadilika rangi.

"Pa Somjit," Mwantumu aliita. "Karibu."

Pa Somjit alikuwa ameshika sinia. Aliliweka chini, akavua ile kofia, akaja. Mwantumu akainuka, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya simu. "Mwenyekiti, hii ndiyo mashine," alisema. "Hii ndiyo tutakayoinunua. Tutawafukuza mama zetu sokoni, kisha tutawarudisha wakiwa hivi, tupite mbele yao bila kuwasalimu, na tuseme tumeendelea. Mimi nasema haifai. Andikeni hivyo. Na asiyeamini amuulize mwenyewe."

Mwenyekiti Mhina alivua miwani, akaifuta kwenye kanzu, akaivaa tena. Alimtazama yule mwanamke mwenye mvi, aliyemzidi umri, akasema alichofundishwa tangu utotoni kumwambia mtu kama huyo.

"Shikamoo, mama."

Pa Somjit aliunganisha viganja, akainamisha kichwa. Akasema neno refu la Kithai, na kitafsiri kikasema, "Salama, mwanangu. Mmekula huko?"

Bwana Prasit alikuwa anakodoa macho kwenye kiti. Mwantumu akatambua kwamba yule bwana anaona chuma kimekaa, na sikioni anasikia ting tu.

"Huyu bwana naye ana vitu machoni?" Mwenyekiti aliuliza. "Mwambie avivue. Amwangalie mama wa watu usoni."

Mwantumu akageuka. "Umesikia, Bwana Prasit. Vua."

Kidole cha Bwana Prasit kilipanda hadi kwenye kope. Kikasimama pale, kisha kikashuka.

"Siwezi," alisema. "Kesho nina kazi nao."

Mwantumu alivuta kiti kingine, akakiweka kando ya Pa Somjit, akasogeza sahani moja katikati yao wawili. Kisha akageukia wale waliosimama ukutani na masinia yao, akawaambia wote, kwa sauti, "Karibuni," na akaanza kunawa.