Vifaranga vya Mama Damiano

"Dawa ya samaki?"

Wafugaji waliojaa kwenye duka la dawa za mifugo, jirani na soko la Mpanda, waligeuka wote. Mmoja aliyeshika dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe alicheka mpaka akalitua chini.

"Dada, samaki dawa yake chumvi na ndimu!"

Lucas, muuzaji, hakucheka. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, gauni la kitenge limepauka, vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikumbatia chupa ya kioo. Ndani, vifaranga vya samaki wa mapambo vilijisugua kwenye kioo, miili imetapakaa madoa meupe kama vimenyunyiziwa unga.

"Nimesomea uvuvi Kigoma," Lucas alisema, "lakini hawa wa kufuga kwenye kioo sijawahi kuwatibu. Nipe namba, niulize kwa wenzangu."

"Simu yangu huwa anaipokea mama mkwe."

"Basi chukua yangu, bibie."

Aliichukua, akaacha na ya kwake, akamwelekeza nyumbani. Aliitwa Kalista. Mumewe, Damiano, alikufa kwa ajali ya lori kwenye milima ya Mwese, akaacha tangi la samaki sebuleni na mama asiye na mtoto mwingine. Tangu hapo Mama Damiano alimshikilia mkwewe. Hakumtesa hata kidogo. Alimpikia, alimwita mwanangu. Ila Kalista akigusa geti tu, sauti ilimfuata: "Unaenda wapi? Unaniacha na nani?" Msiba ulikwisha kitambo, na bado hakuwa amekanyaga kwao Karema.

Jioni hiyo Lucas alifika na majibu. Ulikuwa ugonjwa wa wadudu wa madoa meupe. Wakapandisha joto la maji taratibu kwa hita, wakatia chumvi kidogo, wakaongeza hewa kwa pampu, wakafyonza uchafu wa chini kwa mpira.

"Madoa yakiisha msiache," alionya. "Mdudu akikomaa anadondoka chini, anazaana, watoto wake wanapanda tena kwa samaki. Dawa inamuua akiwa majini tu."

Akawa anapiga simu kila siku, na Kalista akawa anaiwahi kabla ya mama mkwe.

"Wagonjwa wangu hawajambo?"

"Wanakula. Wanakuulizia, daktari wa ng'ombe."

"Wao tu? Nesi wao je?"

"Nesi yupo kazini, acha utani," Kalista alijibu, mkono umeziba mdomo asisikike akicheka.

Alisikika. Mama Damiano alikuwa nyuma ya pazia, na kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu mwanawe azikwe. Kesho yake simu ilipoita, aliipokea mwenyewe.

"Kalista anarithiwa na shemeji yake wa Majimoto. Mwache mke wa watu." Akakata, akaizuia namba ya Lucas.

Lucas alipiga, haikuita. Akaacha kupiga. Kalista alingoja, kila mlio akikimbilia simu.

"Samaki wamepona, mwanangu, daktari kaenda zake," mama mkwe alisema. "Wanaume ndivyo walivyo." Na kwa kuwa madoa yalikuwa yamekwisha, akachomoa hita, akaacha chumvi.

Madoa yakarudi, mabaya kuliko mwanzo. Vifaranga vikaanza kuelea. Mama Damiano akalia kama siku ya jeneza, na Kalista, kwa hasira, akatoka bila kuaga.

Aliwapita wafugaji wote dukani mpaka mbele.

"Dawa yako ya uongo kama maneno yako!"

"Mliacha kutibu?" Lucas aliuliza taratibu. "Nilisema msiache. Na hongera ya ndoa."

"Ndoa gani?"

"Ya shemeji yako wa Majimoto. Mama kaniambia mwenyewe."

Kalista alishika kaunta. "Damiano hakuwa na ndugu, Lucas."

Walirudi pamoja. Lucas alimwamkia Mama Damiano shikamoo, akafanya kwanza kazi ya tangi. Alipomaliza ndipo Kalista akasema: "Mama, kwa nini?"

Mama Damiano alitazama maji. "Ulicheka. Nikajua unaondoka."

"Nampenda."

"Na hawa? Damiano ameniachia hawa na wewe tu. Subiri basi wapone."

"Nitaondoka hata wasipopona, Mama."

"Nataka kumuoa," Lucas alisema. "Nitapeleka wazee wangu Karema. Lakini nimeanza kwako."

Mama Damiano aliingia chumbani, akafunga mlango. Kalista aligonga, haukufunguliwa.

Vifaranga vichache vilipona. Asubuhi ya safari ya kurudi kwao kungoja posa, stendi ikipiga kelele za wapiga debe, Kalista alipanda basi la Karema akiwa na gauni jipya la njano na macho yaliyovimba. Lucas alikuwa anafunga mizigo alipomwona Mama Damiano akija, amevaa kitenge cha kanisani, begi begani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nilimchukua kwao kwa mikono yangu. Nitamrudisha kwa mikono yangu, wasije wakasema alitoroka." Akamkazia macho. "Na wewe, ukimliza namchukua tena."

"Sawa, Mama."

Alikataa kupokewa begi. Alikaa pembeni ya Kalista, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka wakaiacha Mpanda nyuma. Kisha, bila kumtazama, akauachia.