Punda Milia wa Tata Mbuyu

Jumamosi asubuhi mwanamke mgeni alisukuma mlango wa studio ya picha. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Taxi-moto yake, pikipiki ya abiria, ilikuwa imepasuka gurudumu karibu na soko la Manika, akaomba akae kidogo mpaka dereva azibe pancha.

"Karibu, mama. Kiti ni kile pale," Adèle, mpiga picha, alimjibu bila kugeuka. Alikuwa anawapanga maharusi mbele ya kamera. "Bibi, kidevu juu! Bwana, angalia hapa!" Akapiga vidole: ta, ta! Wote wawili wakainua vichwa, na picha ikapigwa.

Hivyo ndivyo Adèle alivyofanya kazi siku zote. Anasogea karibu, anapiga vidole, watu wanamtazama. Mjini Kolwezi wengi walimjua kwa vidole vile.

Maharusi walipotoka, mume wake Stany akarudia maneno waliyokuwa wameyaacha.

"Mi nasema twende Kundelungu. Kule kwenye maporomoko ya Lofoi. Kila mutu anaweka ile picha kwenye telefone yake. Mwezi wa nane Lukusa anatupatia jeep, tunaenda, tunapiga, tunarudi."

"Na punda milia ya tata?"

"Mbuga ni mbuga, Adèle. Banyama beko kote."

Adèle akaanza kufuta lenzi ya kamera. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha ndani, baba yake alikuwa anasikiliza redio. Tata Mbuyu aliendesha malori makubwa ya mgodi mpaka alipostaafu. Sasa macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema dawa inachelewesha tu ugonjwa. Nuru iliyopotea hairudi. Mzee hakulalamika. Aliomba kitu kimoja: awaone tena punda milia wa uwanda wa juu, upande wa Mitwaba, alikotembea na mjomba wake akiwa kijana. Mgongo wake haukuweza tena barabara ndefu. Kwa hiyo aliomba picha.

Jeep ya Lukusa, kaka yake Stany, ilipatikana mara moja tu kwa mwaka, Lukusa akiwa likizo. Wakikosea safari hii, ikifika nyingine huenda mzee asione hata picha.

Mgeni akakohoa kidogo.

"Munisamehe, miye napita tu. Lakini mwezi wa nane, pale Lofoi, mutapiga picha ya jiwe."

Stany akacheka. "Mama, weye ni nani?"

"Fidélie. Natembeza bageni kule mbuga ya Upemba. Nimekuja Musonoi kuona dada yangu, amezaa." Akapangusa uso kwa kitambaa. "Lofoi ni muzuri sana, sikatai. Lakini ni maji ya mvua yanaipa nguvu. Mvua ikiisha tu, mwezi wa ine, mwezi wa tano, maji yananguruma. Ukifika mwezi wa nane, yamebaki kama uzi."

"Basi twende sasa, ni mwezi wa tano!" Stany akasema.

"Ngoja, tata. Munataka kupiga picha ya nini?"

Adèle akasimama mbele yake. "Punda milia. Ya baba yangu."

"Basi anzia pale. Mutu anachagua kwanza kitu anachotaka kuona, halafu anachagua mbuga, halafu mwezi. Bageni beye banachaguaka jina ya mbuga kwanza, njo maana banarudi mikono mitupu. Ukitaka maporomoko, Kundelungu, mvua ikiisha. Ukitaka punda milia, ni Upemba, upande wa Mitwaba. Katika Kongo yetu hii, ni kule tu bamebaki."

"Na mwezi?"

"Sasa majani ni marefu, yanawaficha. Mwezi wa nane na wa tisa majani ni mafupi, lakini moto wa pori umejaza moshi, milima haionekani. Kati ya pale, mwezi wa sita, mwezi wa saba, majani yamekauka na mbingu ni safi bado."

Stany alikuna kichwa. "Mama Fidélie, uko na majibu kama mwalimu."

"Nilikosea mara mingi, tata. Na kitu kingine: musiondoke bila kuuliza ofisi ya mbuga kama njia iko salama na kama munaruhusiwa kuingia. Kule kuna siku nzuri na siku mbaya. Askari wa mbuga ndio banaojua."

Dereva wa taxi-moto akapiga honi nje. Kabla ya kutoka, Fidélie akamwachia Adèle namba yake.

Stany alimwomba kaka yake abadilishe mwezi wa likizo. Lukusa alinung'unika wiki nzima, kisha akakubali. Adèle alipiga simu kwenye ofisi ya mbuga, akaambiwa njia iko wazi, akaandikiwa ruhusa. Mwezi wa saba wakaondoka. Walipita Tenke, wakapita Likasi, wakakata kwenda kaskazini. Adèle alifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki na kitenge, kwa sababu vumbi liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Kule Upemba Fidélie aliwapokea pamoja na askari mmoja wa mbuga. Siku ya kwanza waliwakuta punda milia mchana, jua likiwa kichwani. Adèle akachukua kamera. Akashuka, akasogea, akasogea tena. Wanyama walikuwa wamempa mgongo. Mkono wake ukafanya kama ulivyozoea.

Ta, ta!

Vichwa vyote vikainuka pamoja. Kisha likabaki vumbi tu.

Stany alishika tumbo kwa kicheko. "Ungebaambia batoe tabasamu!"

Fidélie hakucheka. "Mama Adèle, hawa baliwindwa sana. Mutu akisogea, kwao ni kifo. Banakimbia mbali na maji, na batoto bao banachoka, banabaki nyuma. Unikubalie kitu kimoja. Bakiinua vichwa bote pamoja, unasimama. Unarudi nyuma. Hata kama picha ni muzuri namna gani."

"Nakuahidi," Adèle alisema. Uso ulimwaka kwa aibu.

Jioni Fidélie alimwonyesha jambo jingine. Mchana jua linafuta kila kitu, milima inakuwa kama karatasi. Lakini asubuhi na jioni nuru inatoka upande, na kila bonde linapata kivuli chake. "Tutakuja alfajiri," alisema. "Tutakaa chini. Upepo utupige usoni, ili basisikie harufu yetu."

Asubuhi ya mwisho walikaa kwenye majani yenye umande, juu ya kijito. Jua lilitoka. Uwanda wote ukawa rangi ya asali, na milima ya mbali ikawa ya bluu. Punda milia wakateremka kunywa. Katikati yao alikuwepo mtoto, miguu mirefu, manyoya ya kahawia bado.

Kamera ya Adèle ilikuwa ya harusi. Haikuvuta mbali. Ndani yake wanyama walikuwa wadogo kama punje za mahindi. Alimfikiria baba yake akitafuta uso wa punda milia na kukosa. Mbele yake palikuwa na kichaka. Akifika pale tu, angeupata uso, macho, kila mstari.

Akaanza kutambaa.

Vichwa vyote vikainuka pamoja.

Adèle akakoma pale pale. Hakuna aliyemwambia neno. Stany alikuwa nyuma, anamwonyesha kichaka kwa kidole: nenda, nenda! Jeep ilikuwa inawasubiri kurudi Kolwezi. Hapakuwa na asubuhi nyingine.

Akarudi nyuma polepole, kwa magoti, mpaka alipokuwa amekaa mwanzo. Muda ukapita. Kichwa kimoja kikashuka majini, kisha kingine. Mtoto akaenda kunyonya. Adèle akapiga picha kutoka pale alipokuwa, machozi yakimlenga.

Waliporudi Kolwezi walichapisha picha ile kubwa, karibu sawa na mlango. Tata Mbuyu aliisogelea hadi pua ikakaribia kugusa. Alitazama muda mrefu.

"Hii milima naijua," alisema. "Na ile nuru. Lakini punda milia beko wapi, mwanangu?"

Adèle akashika kidole cha baba yake, akakiweka chini, kwenye kijito. "Hapa, tata. Na huyu ni mutoto."

Mzee akakaza macho. "Ni badogo sana. Kwa nini haukusogea?"

"Banyama balishtuka, tata. Nilikuwa nimeahidi sitabakimbiza."

Tata Mbuyu akainama zaidi. Kidole chake kikabaki juu ya doa lile dogo la kahawia.

"Weye ulipoondoka, balikuwa banafanya nini?"

"Balikuwa banakunywa, tata."

"Na mutoto?"

"Alikuwa ananyonya."

"Muzuri," mzee alisema. "Ulifanya muzuri."