Maneno Yangu Mdomoni mwa Lukresia

"Huyu L ni nani?"

Kornelia aliuliza bila kuinua macho. Simu ya Anatoli ilikuwa juu ya kaunta ya duka lake Kornelia, katikati ya chupa za dawa ya pamba, na ujumbe ulikuwa umeingia mbele ya macho yake mwenyewe.

"L gani?"

"Huyu aliyekuandikia sasa hivi. 'Njoo saa tisa ghala la zamani la pamba. Kone asijue, wala kaka yake.' Kone si ndiye mimi, au mjini hapa kuna mwingine?"

Anatoli aliinyakua simu kama anayeokoa sufuria isiungue.

"Ni mambo ya banda, mama. Kazi tu."

"Kazi gani mimi mchumba wako nisijue?"

"Nitakwambia Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Si ndiyo siku ya filamu. Vumilia kidogo."

Akawasha pikipiki akaondoka. Kornelia alibaki ameshika chupa ya dawa, mteja anamsemesha, yeye hasikii.

Sasa niwaeleze hiyo filamu, maana msimu ule Bariadi haikuwa na habari nyingine. Inaitwa *Mchunga Nyota*. Ilianza kama kitabu cha katuni, na nakala iliyoletwa kutoka Mwanza ilipita mikono mingi mpaka jalada likabanduka. Ni shujaa wa angani, lakini shujaa wa ajabu: hana koti la kupepea, hapigani ovyo, anachunga kundi la wanyama kati ya sayari, na juu ya yote anaogopa urefu. Vijana wa stendi walibishana mpaka chai ikapoa. "Shujaa gani anaogopa kwenda juu na kazi yake iko juu?" Wazee wenye ng'ombe ndio waliomwelewa haraka. Walisema huyo ni mtu wetu kabisa.

Anatoli ndiye DJ Toli, anayetafsiri filamu kwa Kiswahili kwenye banda la video pale Malambo. Ng'ambo ya barabara kuna banda la Josia, kaka yake Kornelia, tumbo moja. Na hawa wawili walikuwa wameamua kuonyesha *Mchunga Nyota* siku moja, saa moja, spika zimeelekezwa barabarani, watu wachague wenyewe. Ni vilevile wanavyoshindana wachezaji ngoma wa vyama vya Kisukuma, Bagika na Bagalu, baada ya mavuno: uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemhamia. Na kama ilivyo kwenye ngoma, mbinu yako huitoi kwa mtu mpaka siku yenyewe.

Kornelia haya yote aliyajua. Lakini wivu ulishampanda kichwani, hakukumbuka ngoma wala nini. Ng'ombe wa mahari walikuwa watoke Lalago, nyumbani kwao Anatoli, Jumatano ijayo. Yaani amekubali kuolewa, ukoo mzima unajua, halafu mtu anaitwa ghalani na L!

Saa tisa ilipopita kidogo akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko Nyakabindi, kwa fundi wa spika."

Nyuma yake mwanamke akacheka. Kicheko kizito, cha kukwaruza, kitamu.

"Fundi wako anacheka vizuri."

"Mtandao huu, sikusikii vizuri, nitakupigia."

Ikakatwa.

Kornelia alifunga duka mchana kweupe. Jirani yake Wema akamwuliza anaumwa nini. "Siumwi," akajibu, "naenda kuona ninachoumwa nacho." Akakata njia ya mkato mpaka kwenye ghala la zamani, mlango uko nusu wazi. Akasimama ubavuni, pumzi amezibana.

Alimtambua mwanamke kwa sauti kabla hajamwona. Lukresia wa Lamadi, yule anayeleta sato na dagaa sokoni, ambaye akinadi samaki hata aliyeshiba anageuka. Na Lukresia alikuwa anamwambia Anatoli, polepole:

"Hata ukifa, ndala zako hazitoki mlangoni kwangu. Atakayekuja aone mlango una mwenyewe."

Hayo maneno yalikuwa ya Kornelia.

Aliyasema mwaka juzi, wodini, Anatoli amelala hajitambui kwa malaria, ndugu zake wameanza kunong'ona mambo ya mazishi. Hakuwa ameyaandika popote wala kumwambia mtu. Alimwinamia sikioni akayasema, na Anatoli alipopata nafuu akamwambia kwamba aliyasikia, na ndiyo yaliyomrudisha.

Akasukuma mlango.

"Rudia, dada. Rudia nisikie vizuri."

Anatoli aliruka. Mkononi alikuwa na kitabu cha katuni kisicho na jalada, na mbele yao, juu ya robota la pamba, kulikuwa na maikrofoni.

"Kone, ngoja nikueleze."

"Ng'wadila, mayu," Lukresia akamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama kwa adabu, uso umemshuka. "Usidhani vibaya. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya filamu," Anatoli akasema. "Ma-DJ wote tunatafsiri peke yetu, mwanaume anajibana sauti anajifanya mwanamke, watu wanacheka. Mimi nikasema safari hii mke wa Mchunga Nyota asemewe na mwanamke kweli. Josia akijua, kesho na yeye analeta mwanamke. Ndiyo maana nikakuficha. Wewe ni dada yake."

"Kwa hiyo Nyakabindi ni hapa?"

"Nimekosa, nilisema uongo. Lakini sina kitu na Lukresia, haki ya Mungu."

"Mimi nina mume na watoto," Lukresia akaongeza. "Nimependa tu hiyo kazi."

Sasa hapo, msomaji wangu, ungedhani Kornelia atacheka, waende kunywa soda. Hakucheka.

"Nimekuelewa kuhusu filamu," akasema. "Sasa nieleze kuhusu ndala."

Anatoli akakigeuzageuza kitabu mkononi.

"Nijibu. Maneno yale yapo kwenye kitabu hicho?"

"Hayapo." Akakifungua, akamwonyesha. Mke ameshuka kwenye chombo baada ya safari ndefu, mume amesimama na wanyama wake, wanatazamana tu. Ukurasa mzima hauna neno. "Na filamu wanasema itakuwa hivyohivyo, kimya. Mimi nitafanyaje, Kone? Bandani ukikaa kimya kidogo watu wanapiga miluzi, wanasema DJ amelala. Nikatafuta maneno makubwa kuliko yote ninayoyajua. Sina mengine zaidi ya yale."

"Ndiyo ukampa?"

"Nilimpa Mchunga Nyota."

"Ulimpa Lukresia. Nimemsikia anakwambia wewe, na wewe umemtazama. Ungelala naye ningejua nikutukane vipi. Kitu changu kimoja nilichokupa ukiwa unakufa, umekitoa kiende kwenye spika, walaji mirungi na wauza karanga wakishangilie."

Lukresia akainamisha kichwa.

"Mayu, mimi nilijua ameyatunga. Ningejua ni ya mtu nisingeyatia mdomoni."

"Wewe sina neno nawe," Kornelia akasema, japo ni uongo, alikuwa nalo tele. Kisha akamgeukia Anatoli. "Waambie Lalago ng'ombe wasitoke."

Siku zilizofuata hakupokea simu. Anatoli aliandika: "Nisamehe." Akaandika: "Nimekuja dukani umefunga." Jumamosi akaandika: "Sitayasema. Njoo usikie mwenyewe."

Kornelia alizisoma zote na hakujibu. Ila kuna jambo moja la kumpa sifa: Josia alimwuliza kwa nini macho yamevimba, na angeweza kummaliza Anatoli kwa sentensi moja tu. Hakusema.

Jumapili baada ya ibada barabara ya Malambo haikupitika. Watu walikuja hata kutoka Mwamanyili. Filamu ikaanza pande zote mbili, na mwanzoni banda la Josia lilijaa. Kisha mke wa Mchunga Nyota akafungua mdomo, na sauti ya Lukresia ikatoka upande wa pili.

"Hee, ni mwanamke kweli!"

Watu wakaanza kuvuka barabara. Josia alitoka mlangoni, akajishika kiuno.

"Huyu shemeji yangu ameniua," akasema.

Kornelia alikuwa amesimama pale pembeni yake. Akavuka na wengine, akajibanza mlangoni mwa Anatoli. Wivu ulikuwa bado unamchoma: wawili wale wamekaa bega kwa bega, maikrofoni moja, wanaitana mume wangu, mke wangu, na umati unashangilia.

Ukafika ule wakati. Mke akashuka kwenye chombo. Wakatazamana. Ng'ambo, bandani kwa Josia, DJ wake alikuwa anamwaga maneno bila kupumzika. Anatoli akaisogelea maikrofoni.

"Hapa sitafsiri," akasema.

Akaifunika kwa kiganja.

Kimya. Mluzi wa kwanza ukapigwa, kisha wa pili. "DJ amelala!" Mtu akainuka, na wengine nyuma yake, wanarudi ng'ambo kunakosemwa kitu. Lukresia akamgusa Anatoli begani kumhimiza. Anatoli akatikisa kichwa, hakuondoa mkono. Mabenchi ya nyuma yakawa wazi, na yeye anayaona, na bado akakaa kimya mpaka picha ile ikapita yote.

Kornelia akatoka nje, akampigia simu baba yake Anatoli kule Lalago.

"Ng'wadila, baba."

"Ng'wadila, mwanangu. Uko salama?"

"Niko salama. Baba, ng'ombe wapo?"

"Wapo zizini. Anatoli alituambia ulisema wasitoke. Akasema tusimsikilize yeye tena, neno likija litoke kwako mwenyewe."

Kornelia akajifuta machozi kwa kanga.

"Basi Jumatano watoke, baba."

Akarudi ndani, akapita katikati ya watu mpaka mbele kabisa. Anatoli na Lukresia walikuwa wameanza tena kusemezana.

"Dada, sogea kidogo," akasema.

Akaketi katikati yao, akashika maikrofoni awashikie wote wawili.