Aliyelala Namba Nne

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa kwa mji wa mpakani wa Beitbridge: jua kali, foleni ya malori, na watu wamenuna bila kujua wamemnunia nani. Asubuhi tulikuwa tumevuka mpaka kutoka upande wa Afrika Kusini, tukamshukuru Mungu, lakini hatukufika mbali. Rejeta ya gari letu ilichemka karibu na kituo cha mafuta, maji yote yakamwagika kwenye lami. Mume wangu, Nkosilathi, akafungua boneti, akatazama, akaifunga. Ukiona mwanaume anafunga boneti bila kusema neno, ujue siku imeshaharibika.

Tulikuwa watu watatu na marehemu mmoja. Marehemu ni Mthandazo, mdogo wake mume wangu, aliyeangukiwa na ukuta kwenye ujenzi huko Johannesburg. Mwili ulikwisha kutangulia nyumbani Filabusi. Sisi tulikuwa tumeifuata roho. Mimi ni mtu wa Korogwe, lakini nimeolewa huku kwa Wandebele muda mrefu hadi ndugu zangu wananicheka Kiswahili changu, na mambo haya siku hizi hayanishangazi. Mtu akifia mbali, mzee wa ukoo huenda na tawi la mti mpaka pale alipoanguka, akamwita, akarudi naye. Na njia nzima lazima amwambie: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto, sasa tunashuka kupumzika. Usipomwambia, habanduki. Tena anayeshika tawi haruhusiwi kusema na mtu aliye hai mpaka afike nyumbani. Anasema na marehemu peke yake.

Tawi alilishika shangazi yao, Sikhangezile. Huyu shangazi siku za kawaida husema mpaka mbuzi wanahama kivuli. Kumwona amefumba mdomo tangu Johannesburg, nakuambia kweli, kulinitisha kuliko msiba wenyewe.

Fundi alisema gari halitakuwa tayari mpaka alasiri. Nyuma ya gereji palikuwa na gesti ya ukuta wa kijani, ile ambayo wasafiri hulala kwa sababu hawana pa kwenda. Mhudumu wake alikuwa mama wa Kivenda anaitwa Mashudu, mnene, mwenye mdomo wake.

"Chumba cha vitanda vitatu," nilimwambia. "Mume wangu anabaki kwa fundi."

"Vitatu? Mbona naona wawili. Au mmoja wenu analala akizunguka vitanda?"

Kisha akaliona tawi mikononi mwa shangazi. Akashusha macho. "Poleni sana," alisema. "Namba nne, mwisho wa korido."

Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Shangazi alichagua kitanda cha dirishani, akalilaza tawi taratibu, akalifunika shuka, na kuliacha wazi upande wa mto, vile unavyomfunika mtu mwenye homa. Akamwinamia. "Mthandazo mwanangu, gari limeharibika. Pumzika hapa. Likipona nitakuja kukuamsha." Mimi nilitazama pembeni, maana machozi yalinijia.

Nikatoka kumpelekea mume wangu chakula. Huku nyuma shangazi akaenda bafuni, na bafu za pale ziko uani. Mashudu akapita, akaona feni ya namba nne haizunguki, akatuhurumia. Akabeba mizigo yetu akaipeleka namba saba, kwenye feni nzima. Tawi alilibeba kwa mikono miwili, akapiga magoti, akalilaza kwenye kitanda cha dirishani na kulifunika shuka. Mama wa watu alifanya kwa heshima zote. Shangazi alipotoka bafuni akaelekezwa namba saba, akaingia, akaketi.

Niliporudi nikamkuta huko. Nikajua yeye ndiye aliyemhamisha mwanawe, na maneno yake ameshayasema. Yeye aliponiona naingia bila kushangaa, akajua ni mimi niliyehamisha vitu, na maneno nimeyasema mimi. Kuniuliza hawezi, mwiko umemfunga mdomo. Na mimi nilishazoea kutomuuliza kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Gari likapona. Shangazi akamwinamia tena. "Amka mwanangu, gari limepona, twende kwa mama." Akalichukua tawi la namba saba, tukaondoka.

Tukamzika Mthandazo vizuri. Watu walijaa, ng'ombe akachinjwa, nyimbo zikaimbwa, tawi likateremshwa kaburini pamoja naye. Tulisema amepumzika.

Mama mkwe wangu ndiye hakupumzika. Tunamwita MaNyathi, mwanamke mkavu, mchapakazi, asiyelia mbele za watu. Baada ya mazishi alianza kuacha chakula. Unampakulia sadza, ugali wa huku, na viwavi vya mti wa mopane anavyovipenda, anashika tonge, anaduwaa, anarudisha. Mashavu yakaingia ndani. Nikamfuata jikoni kwake.

"Mama, utakufa hivi."

"Mwanangu hajafika," alisema.

"Tumemzika, mama. Wewe mwenyewe ulitupa udongo."

"Kila nikifumba macho namwona. Amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka. Ananiuliza, mama, lile gari bado tu halijapona?"

Habari za gari kuharibika hatukumwambia. Mtu anangoja kumzika mwanawe, umwambie habari za rejeta za nini?

"Na anasema feni haizunguki," akaongeza.

Feni ya namba saba ilizunguka. Nilitoka mbio mpaka kwa shangazi, nikamkuta anapepeta karanga.

"Shangazi, siku ile nani alimwambia Mthandazo kwamba tunahama chumba?"

"Si wewe?" alisema.

Ungo ulimtoka mikononi. Hakuna aliyeinama kuokota karanga.

Tuliondoka kesho yake alfajiri, sisi watatu, na tawi jipya. MaNyathi alituaga getini. Alimwambia shangazi neno moja tu: "Usirudi bila yeye."

Tulipofika, Mashudu alitutambua hata kabla hatujasalimia. Alinivuta pembeni.

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?" alininong'oneza. "Namba nne sipangishi tena."

"Kuna nini?"

"Natandika shuka kavu, nimelipiga pasi mwenyewe. Saa moja haipiti, limelowa jasho. Limebonyea. Mama mmoja muuza mitumba alijilaza mchana, akasikia kitanda cha pili kinalia kila yeye akigeuka. Alitoka na kanga tupu. Ndala zake mpaka leo ziko humo."

"Unasikia sauti?"

Mashudu alitazama korido kwanza. "Sauti hakuna. Ila fundi akiwasha gari huko nyuma, kitanda kinalia. Kama mtu anayeinuka kukaa. Anasikiliza, halafu anajilaza tena."

Shangazi alisikia. Kilio kilimpanda akakimeza, mwiko ulikuwa umeshaanza. Huyu mtoto alikuwa ameambiwa angoje gari. Alikuwa anangoja.

Tukafungua mlango. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa dirishani, watoto wanapiga kelele uani. Humo ndani kulikuwa kimya. Vitanda vitatu, vimetandikwa. Kile cha dirishani kilikuwa kimebonyea katikati.

Mume wangu alisimama mlangoni. Mimi nilijibanza ukutani. Shangazi akapiga magoti.

"Mthandazo," aliita.

"Mthandazo, ni mimi."

Nyuma ya ukuta fundi akawasha gari. Injini ikakohoa, ikashika. Kitanda cha dirishani kikalia. Taratibu. Shuka likajivuta. Bonde la katikati likahamia ukingoni. Mtu alikuwa ameketi.

Hapo shangazi alishindwa. Kilio alichokimeza kikamtoka chote, na jina likapotea ndani yake. "Inuka, mwanangu," alisema akilia. "Inuka twende nyumbani. Mama yako anakungoja. Tumekuja kukuchukua, mwanangu, samehe tumechelewa."

Kitanda cha dirishani kikalia tena, kikanyooka.

Halafu kikalia cha mlangoni.

Nilikiona. Kilikuwa karibu na goti langu. Shuka lilizama ukingoni, likakaa hivyo kidogo, kama mtu anayesita. Kisha likapanda juu.

"Baba Lindiwe," nilinong'ona. "Umeona?"

"Nyamaza," alisema mume wangu.

Shangazi alilichukua tawi. Tukatoka. Safari hii alimwambia kila kitu, tunapita korido, tunashuka ngazi, tunafungua mlango wa gari. Njia nzima mpaka Gwanda, na kutoka Gwanda mpaka Filabusi, alikaa kiti cha nyuma amejikunyata mlangoni, mabega yamebana, ilhali kiti kizima kilikuwa cha kwake. Nilimtazama kwenye kioo. Nilitaka kumuuliza, nikakumbuka kwamba hawezi kujibu.

Tulifika jua halijazama. MaNyathi alikuwa amesimama palepale getini. Alilipokea tawi, akalipeleka kaburini, akamwonyesha mwanawe mahali pake. Aliporudi alikuwa analia, kwa mara ya kwanza mbele yetu sote. "Amefika," alisema. Akaomba chakula. Akala mpaka akaomba nyongeza, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja.

Shangazi mwiko ulipomfunguka, jambo la kwanza alilosema lilikuwa lawama. "Nyinyi mlikaa raha huko mbele. Mimi nimebanwa njia nzima. Huyu Mthandazo miguu mirefu hivi kaianza lini?"

Mthandazo alikuwa mfupi. Viatu vyake alivivaa Lindiwe, binti yetu, vikamtosha.

MaNyathi hakuota tena. Alinenepa, akarudi shambani. Ila ana mazoea ya kufagia uwanja jioni, wote, kutoka mlangoni mpaka getini, mpaka mchanga unabaki na mistari ya ufagio tu. Asubuhi moja alikuja kuniita, akanionyesha.

Zilikuwa nyayo. Pekupeku, kubwa, pana mbele. Zilianzia upande wa kaburi, zikapita katikati ya uwanja, zikatoka getini, zikafika kwenye barabara ya lami. Pale kwenye vumbi la kando zilikanyagana sana, zikaelekea kushoto, zikaelekea kulia. Kisha zikarudi.

"Mthandazo?" nilimuuliza.

"Wangu amelala," alisema. "Mama anajua."

Kesho yake zilikuwepo. Na kesho kutwa. Kila siku anafika barabarani, kila siku anarudi. Mume wangu alitaka kwenda kumleta mganga, MaNyathi akakataa. Akaanza kupakua sahani ya pili, anaiacha karibu na kaburi. "Si mgeni wa kujileta," alisema. "Tumembeba wenyewe."

Ndipo Mashudu alipopiga simu. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona kana kwamba bado yuko kwenye ile korido.

"Dada, siku ile mliondoka na nani?"

"Kwa nini?"

"Jana alikuja mzee mmoja kutoka mbali, Chipinge huko, na mkewe. Kijana wao alilala namba nne mwaka jana akingoja maji ya Limpopo yapungue avuke kwa miguu. Alimpigia baba yake simu akiwa humo chumbani. Baada ya hapo mto ukamchukua, hata mwili hawakuuona. Sasa wameambiwa wamfuate pale alipolala mara ya mwisho. Mzee amemwaga ugoro sakafuni, ameita tangu asubuhi. Fundi amewasha magari, amezima. Vitanda kimya. Mkewe alikuwa anavipapasa kimoja kimoja."

"Wako wapi sasa?"

"Wameondoka. Mzee alisema labda mwanawe amewakasirikia."

"Jina, Mashudu. Kijana anaitwa nani?"

"Sikuuliza. Unamuulizaje jina mtu anayelia vile? Na hao wanaongoja kuvuka hawaandikishi majina yao ya kweli."

Nilimweleza MaNyathi yote, sikuficha. Alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilidhani atasema kitu kuhusu yule mama aliyepapasa vitanda, maana nilimwona midomo ikimcheza. Jioni alifagia uwanja kama kawaida. Alipomaliza alikwenda pale upande wa kaburi, akaweka sahani, akachuchumaa. Nilikuwa naanua nguo, nikamsikia.

"Mwanangu," alisema polepole, "kwenu ni wapi? Unaitwa nani?"

Akangoja muda mrefu. Kisha akaingia kulala.

Asubuhi nyayo hazikwenda barabarani. Zilitoka kaburini, zikavuka uwanja moja kwa moja, zikafika mlangoni kwa MaNyathi. Pale zilisimama mbili, sambamba, vidole vikitazama mlango, zimezama sana kwenye mchanga kama za mtu aliyesimama usiku kucha. Karibu nazo mchanga ulikuwa umechorwachorwa kwa kidole, mistari mingi, mingine imefutwa na kuanzwa upya.

Tuliinama wote kuitazama. Mume wangu alijaribu, Lindiwe aliyesoma akajaribu. Hakuna aliyeweza kuisoma.